Kutoka Ukutani Mpaka Turubaini

Msomaji, ukionyeshwa picha ya mlima wenye theluji kileleni, na chini yake mgunga na twiga wawili, huna haja ya kuuliza ni picha ya nini. Jicho lako limekwisha jibu kabla ulimi haujaanza kuuliza. Lakini ukisimamishwa mbele ya kitambaa kipana kisicho na mlima wala mti, kilichojaa mistari iliyozongana kama nyuzi zilizomponyoka mfumaji, rangi zilizochubuka na vipande vya karatasi vilivyochanika, kisha ukaambiwa kuwa hiyo ni picha ya mandhari, ni haki yako kushangaa. Watu wengi hushangaa, hucheka, kisha hupita. Insha hii yakuomba ushangae, lakini usicheke bado, na usipite.

Mchoraji tutakayemtazama aitwa José Parlá. Alizaliwa Miami, Marekani, mwaka 1973, na wazazi wake walitoka Kuba. Alianza kuchora kwenye kuta za mji huo akiwa mtoto wa miaka kumi, akajulikana kwa jina la kubuni, Ease. Siku hizi hufanya kazi zake katika karakana yake huko Brooklyn, New York, na picha zake za turubai hutundikwa katika majumba makubwa ya sanaa. Safari yake yazua swali lisilomhusu yeye peke yake: sanaa iliyozaliwa njiani ikihamia ndani ya nyumba, je, huingia na roho yake, au huiacha mlangoni? Swali hilo lastahili jibu la mtu aliyetazama, si la mtu aliyesikia tu.

Yafaa kwanza tujue ukuta ulikuwa shule ya namna gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa New York walikuwa wakiandika majina ya kubuni juu ya kuta na mabehewa ya treni zipitazo chini ya ardhi. Mwaka 1971 gazeti la New York Times lilieleza habari za mmoja wao, aliyejiandika TAKI 183, na vijana wengine wengi wakataka kuonekana kama yeye. Jina ndilo lililokuwa kiini cha sanaa hiyo. Kijana asiyekuwa na cheo, wala mali, wala nyumba iliyoandikwa jina la baba yake, aliandika jina lake mwenyewe mahali ambapo mji mzima ungeliona. Sheria ilihesabu tendo hilo kuwa uharibifu wa mali, wala sheria haikukosa sababu, kwa maana mwenye ukuta hakuombwa ruhusa. Hatuna haja ya kulificha jambo hili ili tumsifu mchoraji. Mhakiki anayeficha upande mmoja wa habari ni sawa na mwenye duka anayeficha upande mmoja wa mizani.

Hata hivyo, ukuta ulifundisha mambo matatu ambayo si rahisi kufundishwa darasani. Jambo la kwanza ni kuchora kwa mwili mzima. Mwandishi wa daftari hutumia vidole, na mwandishi wa ukutani hutumia bega, kiuno na miguu, maana herufi moja yaweza kumzidi kimo. Jambo la pili ni kutorudi nyuma. Rangi ya kopo ikipulizwa imepulizwa. Hakuna kifutio, wala hakuna saa ya pili, kwa hiyo mkono hujifunza kukata shauri kabla ya kuanza. Jambo la tatu ni kupotewa. Aliyeandika leo hujua kuwa kesho atakuja mwingine aandike juu yake, au mwenye nyumba apake chokaa, au jua na mvua vimalize kazi. Ukuta haumwahidi mtu kitu.

Kama wataka kuona jinsi ahadi hiyo isivyokuwapo, tazama yaliyotukia huko Queens, New York. Palikuwa na jengo la kiwanda cha zamani lililoitwa 5Pointz, ambalo kuta zake zilifunikwa kwa michoro ya watu wengi, nao walichora kwa idhini ya mwenye jengo. Usiku mmoja wa Novemba 2013 michoro ile ilipakwa rangi nyeupe kwa amri ya mwenye jengo huyo, na mwaka 2014 jengo likabomolewa. Wachoraji walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 jaji aliamuru wachoraji 21 walipwe dola milioni 6.75, maana sheria ya Marekani ya mwaka 1990 hulinda kazi za sanaa zilizo na sifa inayotambulika. Fedha zilipatikana, lakini picha hazikurudi. Anayemlaumu mchoraji kwa kuuacha ukuta na aikumbuke hesabu hiyo kabla ya kutoa lawama.

Sasa tuje kwenye turubai. Turubai ni kitambaa kizito kilichowambwa juu ya fremu ya mbao. Kinaweza kubebwa, kufungiwa, kuuzwa na kurithiwa. Parlá alipohamia juu ya kitambaa hiki angeweza kufanya lililo rahisi, yaani kuandika jina lake kwa herufi zilezile kubwa na kuliuza kwa wenye fedha kama ukumbusho wa ujana wa watu wengine. Wako waliofanya hivyo, na kazi zao hufanana na simba aliyejazwa pamba: manyoya yapo, meno yapo, ngurumo haipo. Yeye alishika njia nyingine. Aliliacha jina, akabaki na mkono. Mstari ule uliokuwa ukiandika neno moja aliuacha uendelee, upinde, urudi na kujifunga juu ya wenzake, hata maneno yakawa hayasomeki. Mara nyingi maneno hayo ni maneno ya kweli, majina ya mahali na kumbukumbu za watu, lakini yamelala tabaka juu ya tabaka, kama sauti za sokoni zinazosikika kutoka mbali: wajua kuwa watu wanasema, wala huwezi kushika neno hata moja.

Chini ya mistari hiyo ameweka mwili wa ukuta wenyewe. Hutumia rangi, wino, plasta, na karatasi za matangazo zilizochanwa. Hupaka tabaka, hulikwangua, hulifunika tena, kisha hulifunua mahali fulani ili lililokuwa chini lichungulie. Kazi ambayo ukuta wa mji huifanya kwa miaka hamsini, kwa msaada wa mvua, jua na mikono ya watu wengi, yeye hujaribu kuifanya peke yake kwa majuma au miezi.

Hapo ndipo neno mandhari linapopata haki yake. Mandhari si lazima iwe mlima. Mandhari ni sura ya mahali, na mahali pana sura kwa sababu pamepitiwa na wakati. Mkulima huonyesha wakati katika matuta yake, na mto huonyesha wakati katika kingo zake. Mji huonyesha wakati katika kuta zake. Ukitaka kuhakikisha, nenda kwenye soko la mji wako miezi michache baada ya uchaguzi, ukautazame ukuta uliobandikwa picha za wagombea. Utaona shavu la mmoja juu ya paji la uso la mwingine. Utaona ahadi iliyokatika katikati. Utaona tangazo la daktari wa meno likichungulia kutoka chini ya wote, nalo ni la miaka kumi iliyopita. Ukuta huo umeandika historia ya mji bila kukusudia. Parlá huandika historia ya namna hiyo kwa kukusudia.

Wala si yeye wa kwanza kuichukua mandhari na kuipeleka mbali na umbo la vitu. Mwaka 1844 J. M. W. Turner wa Uingereza alionyesha picha ya treni ikivuka daraja katika mvua, na katika picha hiyo mvua, moshi na mwendo vimeonekana kuliko treni yenyewe. Claude Monet wa Ufaransa alichora maua ya bwawa lake mpaka maji, mbingu na maua vikachanganyika kuwa rangi tupu. Picha hizo kubwa ziliwekwa wazi kwa watu mjini Paris mwaka 1927. Wachoraji hawa hawakuwa wamesahau kuchora treni wala ua. Walitambua kuwa lile walilotaka kulisema halikuwamo katika umbo la kitu, bali katika hali iliyokizunguka. Sanaa ya namna hiyo, iachayo umbo ili ishike hali, ndiyo tuitayo sanaa dhahania.

Tena si kweli kuwa sanaa dhahania ilimngojea kijana wa njiani ndani ya jumba la matajiri, ikampokea kama mgeni asiyejua adabu. Mwaka 1980 mchoraji wa New York aitwaye Futura 2000 alipaka rangi behewa zima la treni, akaliita Break, na katika kazi hiyo mawingu ya rangi yalitawala mahali ambapo wenzake wangejaza herufi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Behewa lile lilipita katika mji na kuonwa na watu waliokuwa wakienda kazini. Basi mbegu ya jambo hili ilipandwa njiani, na turubai ni shamba jingine tu ambamo mbegu hiyo ilihamishiwa.

Sasa tuzisikilize lawama, maana sifa isiyopambana na lawama ni sifa nyepesi. Lawama ya kwanza ni ile isemayo kuwa hata mtoto angeweza kuchora hivyo. Jibu lake ni jepesi: mpe mtoto rangi, umwache. Atafanya mistari mizuri kwa dakika tano, kisha atachoka, au ataendelea mpaka kila kitu kiwe tope. Kujua mahali pa kuacha, kujua ni tabaka gani lifunikwe na lipi lifunuliwe, na kuufanya mstari wa mita tatu ubaki na nguvu mpaka mwisho wake, hayo hayaji kwa bahati. Yatazame mazungusho ya mstari wa Parlá, utaona mkono uliorudia tendo moja maelfu ya mara tangu utotoni. Mwandiko mzuri hujulikana hata na asiyeijua lugha iliyoandikwa.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Yasema kuwa uchakavu wa ukuta ni habari ya kweli ya watu wa kweli: kodi isiyolipwa, bomba linalovuja, mji uliosahauliwa na wakubwa wake. Je, ni halali mtu kuutengeneza uchakavu huo kwa mkono, akaupendezesha, akautundika sebuleni mwa mtu ambaye hatalala hata usiku mmoja chini ya dari inayovuja? Hapa twapaswa kupima polepole. Mwaka 1949 Jacques Villeglé na Raymond Hains walianza kubandua matangazo yaliyochanika kwenye kuta za Paris na kuyaonyesha yalivyo. Wao walileta ushahidi wenyewe. Parlá huleta ushahidi uliotengenezwa. Msomaji mkali aweza kusema kuwa wale walikuwa mashahidi na huyu ni mwigizaji.

Mimi naona kuwa jibu lategemea picha iliyo mbele yetu. Kazi aliyoifanya Havana mwaka 2012 pamoja na mpiga picha wa Ufaransa aitwaye JR yatusaidia kuhukumu. JR alipiga picha za wazee 25 wa mji huo, watu waliopitia siku za mapinduzi ya Kuba, akazibandika zikiwa kubwa mno juu ya kuta zilizochakaa. Parlá akazizungushia na kuzipitishia mwandiko wake. Makunyanzi ya nyuso yalikutana na nyufa za plasta, na mistari ya rangi ikaviunganisha, hata mtazamaji akashindwa kusema ni wapi uso uliishia na ni wapi mji ulianza. Pale uchakavu haukupendezeshwa ili usahauliwe. Ulipewa uso na umri. Mchoraji yule alikuwa amerudi katika nchi ya wazazi wake, na kazi ikafanyika njiani, mbele ya majirani wa wale wazee. Picha zake za turubai zilizo bora zina deni kwa kuta za namna hiyo, nazo hulilipa deni hilo.

Lakini si zote zilipazo. Mwaka 2015 mchoro wake uitwao ONE: Union of the Senses ulizinduliwa katika ukumbi wa jengo la One World Trade Center mjini New York, mahali palipo karibu na majengo mawili yaliyobomolewa kwa mashambulizi ya mwaka 2001. Una upana wa futi 90 na kimo cha futi 15, na rangi zake zang'aa kama sikukuu. Nauheshimu ujasiri wa mtu anayeweza kuushika mstari katika eneo kubwa kiasi hicho, na naelewa kuwa mahali pale palihitaji furaha kuliko kilio. Hata hivyo, nakosa kitu. Katika picha zake ndogo zaidi kila rangi imepigana na rangi nyingine ili ionekane. Katika mchoro huu rangi zote zimealikwa na zote zimepewa viti. Ugomvi wa ukuta haupo, na ugomvi huo ndio uliompa mchoraji huyu uzito wake. Tena, ukumbi wa jengo la ofisi si njia panda. Asiye na shughuli ndani hana njia ya kawaida ya kusimama mbele ya picha ile, lakini ukuta wa Miami haukumwuliza mpita njia ana shughuli gani.

Hiyo ndiyo hasara ya kweli ya kuhama, nami sipendi ifunikwe kwa maneno matamu. Turubai imempa mchoraji wakati wa kufikiri, usalama wa kazi yake, na riziki halali. Imemnyang'anya mtazamaji asiyechaguliwa: mwuza machungwa, mtoto atokaye shuleni, mlevi arudiye nyumbani. Anayesema kuwa pamepatikana faida tupu hajawahesabu watu hao. Na anayesema kuwa pamepatikana hasara tupu hajaihesabu michoro ya 5Pointz.

Mwaka 2021 Parlá aliugua ugonjwa wa korona kwa hali mbaya sana. Alilala hospitalini bila fahamu kwa muda wa miezi, na alipozinduka ilimbidi ajifunze upya mambo ambayo mwili wake uliyajua tangu utotoni. Fikiri maana ya jambo hilo kwa mchoraji ambaye sanaa yake yote i katika bega na mkono. Alirudi kazini, na Novemba 2024 maonyesho yake yaitwayo Homecoming, yaani kurudi nyumbani, yalifunguliwa katika jumba la sanaa la Pérez mjini Miami, mji ambao kuta zake zilikuwa daftari lake la kwanza. Habari hii yagusa moyo, na kwa sababu hiyo mhakiki hana budi kujihadhari nayo. Huruma ni tabia njema, lakini si kipimo cha picha. Mchoro haupati uzuri kwa sababu mchoraji aliteseka. Kama mstari wake una uhai, una uhai mbele ya mtazamaji asiyejua habari za ugonjwa. Kama hauna, hakuna cheti cha hospitali kitakachoutia.

Basi utatazamaje, msomaji, siku utakapokutana na picha ya namna hii, iwe ya mchoraji huyu, iwe ya kijana wa mji wako aliyeacha kupamba matatu akaanza kuchora juu ya turubai? Nakupa desturi ndogo. Simama mbali kwanza, uone kama picha ina hali ya hewa: ni joto au baridi, ni mchana au magharibi, ni mji uliojaa au uliohamwa. Kisha sogea hatua tano, ufuate mstari mmoja tu kwa jicho lako kutoka mwanzo mpaka mwisho wake, uone kama unakwenda mahali au unazurura. Kisha karibia sana, bila kugusa, utafute tabaka lililo chini kabisa, ujiulize kwa nini mchoraji aliliacha lionekane. Mwishoni rudi ulipoanzia. Kama picha imebadilika machoni pako, mchoraji amefanya kazi yake na wewe umefanya yako. Kama imebaki vilevile baada ya subira hiyo yote, una haki ya kusema kuwa haikukufaa, na hakuna mtaalamu awezaye kukunyamazisha.

Nami nikiulizwa hukumu yangu juu ya safari hii, nitasema hivi. Parlá hakuusaliti ukuta kwa kuhamia turubaini, maana alichukua kutoka huko kilicho kigumu kuchukuliwa, yaani wakati ulioganda katika tabaka na mkono usiorudi nyuma. Husaliti pale tu anaporuhusu rangi zikubaliane upesi mno. Picha zake ambamo kitu kimefichwa kwa maumivu na kufunuliwa kwa shida zitadumu kuliko zile zinazotabasamu kwa kila aingiaye. Na wewe unayesoma, kabla ya kuzitafuta picha hizo katika miji ya mbali, anza na ukuta ulio karibu na shule yako. Usome kutoka tabaka la juu mpaka la chini. Mwenye kuujua ukuta wake hatadanganywa na turubai ya mtu.